Jina la Camembert na Daftari Lililochelewa

Camembert ni kijiji cha wafugaji mkoani Orne, katika jimbo la Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Wakazi wake ni takriban 200. Hakina soko wala kituo cha treni. Hata hivyo jina lake limechapishwa kwenye vikasha vya jibini katika maduka ya Paris, Tokyo na New York, na wengi wanaovinunua hawajui kwamba wanasoma jina la mahali. Dunia imelichukua jina, kijiji kimebaki pale pale. Watu wanaosikia habari hii hudhani kwamba Camembert ilisahauliwa. Haikusahaulika hata kidogo: ilitukuzwa kwa hotuba, kwa sanamu na kwa jumba la makumbusho. Kilichoiponza ni kwamba wenye haki na jina hilo walikawia kukubaliana, kwa maandishi na kwa nguvu ya sheria, ni kazi gani hasa inayostahili kuitwa kwa jina hilo. Makala haya yanatetea hoja hiyo, na ushahidi wake mkubwa umesimama wazi kijijini kwenyewe, katika majengo na kumbukumbu zake.

Tuanze na ardhi, kwa sababu ndiyo iliyozaa kila kitu kingine. Camembert iko katika eneo liitwalo Pays d'Auge, nchi ya vilima vya chini, mabonde yenye vijito, na udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na majani huota bila kumwagiliwa. Ardhi ya namna hiyo humchosha anayelima nafaka lakini humneemesha mwenye ng'ombe, ndiyo maana wakulima wa huko waliachana polepole na ngano wakageuza mashamba kuwa malisho na bustani za matufaha. Mfugaji hupenda kukaa karibu na mifugo yake, na maji yapo kila bonde, kwa hiyo nyumba hazikusongamana mahali pamoja. Zimetawanyika, kila shamba na ua wake, kuta zake zikiwa za fremu za mbao zilizojazwa udongo. Mgeni anayetafuta barabara kuu yenye maduka pande zote mbili haioni. Anakuta kanisa, ofisi ya meya, nyumba chache, kisha majani na ng'ombe mpaka upeo wa macho. Ng'ombe wenyewe wengi ni wa aina ya Normande, wenye mabaka ya kahawia na nyeupe, ambao maziwa yao yana mafuta na protini nyingi na huganda vizuri.

Sasa tuzitazame kumbukumbu za kijiji kwa kufuata umri wake. Ya zamani kuliko zote ni kanisa la Mtakatifu Anna. Halisemi lolote juu ya jibini. Linasema tu kwamba palikuwa na watu waliobatizwa, waliooana na kuzikwa hapa kwa karne nyingi. Inayofuata ni nyumba ya shamba ya Beaumoncel, ambayo simulizi maarufu inaitaja kuwa ndipo jibini la Camembert lilipozaliwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Nyumba hiyo nayo ilijengwa iwe makazi ya wakulima, na wala si kumbukumbu ya uvumbuzi wowote. Sanamu ya mwanamke anayehesabiwa kuwa mvumbuzi wa jibini hilo ilisimamishwa 1928, tena si kijijini bali katika mji jirani wa Vimoutiers. Jumba la makumbusho la Camembert, lililojengwa kwa umbo la kikasha cha jibini kilichofunguliwa nusu, ni la mwishoni mwa karne ya 20. Mpangilio huo una maana. Kadiri kumbukumbu ilivyo mpya, ndivyo inavyolitaja jibini kwa sauti kubwa zaidi. Wakati jibini lilikuwa kazi ya kila siku ya kijiji, hakuna aliyeona haja ya kulijengea chochote. Majengo ya kulisifu yalianza kuinuka pale jina lilipokuwa limekwisha kuponyoka.

Simulizi inayoadhimishwa na sanamu hiyo ni hii. Mwaka 1796, Mapinduzi yakiwa bado yanawasaka mapadri waliokataa kula kiapo cha utii kwa katiba mpya ya kanisa, padri mmoja, Charles-Jean Bonvoust, alijificha Beaumoncel. Alitoka eneo la Brie, mashariki mwa Paris, ambako watu walikuwa na ustadi wa kutengeneza jibini laini lenye ngozi ya ukungu. Mfanyakazi wa shamba hilo, Marie Harel, aliyezaliwa 1761, akajifunza kwake siri hiyo, akaiunganisha na ujuzi wa nyumbani kwao, na Camembert ikazaliwa. Ni hadithi nzuri: ina hatari, huruma na mama mwenye mikono ya kazi. Lakini mwaka 1708, zaidi ya nusu karne kabla Marie Harel hajazaliwa, mwandishi Thomas Corneille alikuwa amekwisha kuandika katika kamusi yake ya jiografia kwamba jibini zuri la Livarot na la Camembert lilipelekwa kuuzwa katika soko la Vimoutiers. Kwa hiyo jibini lenye jina la kijiji lilikuwepo na lilijulikana sokoni kabla ya padri, kabla ya Mapinduzi, na kabla ya mwanamke aliyejengewa sanamu. Nalo fundisho la padri huyo halina hati ya wakati ule inayolithibitisha.

Hii haimaanishi kwamba Marie Harel hakufanya kitu. Mwanamke huyo aliishi kweli, alitengeneza jibini kweli, na zaidi ya yote aliirithisha familia yake kazi hiyo. Binti yake, aliyeitwa Marie pia, aliolewa na Thomas Paynel, na watoto wa ndoa hiyo wakatawanyika katika Pays d'Auge wakiwa watengenezaji na wafanyabiashara wa jibini. Huo ndio mchango wake unaoonekana katika historia: ukoo uliolichukua jibini la mashamba machache ukalifanya biashara yenye masoko, wateja na sifa. Reli ya kutoka Paris ilipofika Lisieux 1855, jibini laini ambalo zamani lingeharibika njiani liliweza kufika mji mkuu kabla halijapoteza ubora. Masimulizi yanasema kwamba mwaka 1863 Victor Paynel, mjukuu wa Marie Harel, alimwonjesha Mfalme Napoleon III jibini hilo wakati wa kuzinduliwa kwa reli ya Paris hadi Granville, na kwamba mfalme alilipenda akaagiza lipelekwe kwake. Karibu na 1890 kikatokea kikasha chepesi cha mbao, ambacho kilimaliza tatizo la jibini kupondeka safarini na kufungua milango ya nchi za mbali. Vita Kuu ya Kwanza ikakamilisha safari hiyo. Jeshi la Ufaransa liliwagawia askari Camembert kwenye mahandaki, na vijana wa kila pembe ya nchi, ambao wengine hawajawahi kulionja, wakarudi makwao wakilitaka.

Hapo ndipo penye fundo la jambo hili. Kila hatua iliyoeneza umaarufu wa jibini ilirahisisha pia kulitengeneza mahali pengine. Reli iliyopeleka jibini Paris iliwapa watu wa Paris na kwingineko hamu ya kulitengeneza wenyewe. Kikasha cha mbao kilichobeba Camembert ya Normandie kiliweza kubeba ya Lorraine au ya Charente vilevile. Mahitaji ya jeshi yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa mabonde ya Pays d'Auge, basi viwanda vya majimbo mengine vikajaza pengo. Watengenezaji wa Normandie waliliona tishio hilo, na mwaka 1909 wakaunda chama chao cha kutetea Camembert halisi. Lakini chama hicho kilitokea baada ya jina kuwa limezoeleka vinywani kwa miongo kadhaa. Tena hakikulitetea kwa niaba ya kijiji, kwa kuwa wanachama wake walikuwa wenye viwanda wa Normandie nzima, na mpaka waliouchora ulikuwa mpaka wa jimbo. Hivyo wa kwanza kulichukua jina la kijiji walikuwa jirani zake wa karibu, na jirani hao ndio waliokuja kulalamika kwamba watu wa mbali nao wanalichukua.

Baada ya vita, Ufaransa ilipitisha sheria ya tarehe 6 Mei 1919 iliyowapa mahakimu mamlaka ya kuamua bidhaa gani inastahili kulindwa kwa jina la mahali ilikotoka. Watengenezaji wa Normandie walitumaini kwamba mahakama ingewarudishia jina lao. Mwaka 1926 mahakama ya rufaa ya Orléans ikatoa uamuzi uliowavunja moyo: Camembert limekuwa jina la kawaida la aina fulani ya jibini, na mtu yeyote, popote, ana ruhusa ya kulitumia. Hukumu hiyo ilikuwa chungu, lakini haikuwa ya ajabu. Mahakama haiwezi kumrudishia mtu mali ambayo kwa miaka mingi ameiacha wazi kila mpita njia ajichukulie. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Camembert ilikuwa na sifa, ilikuwa na wateja, ilikuwa na historia. Haikuwa na daftari.

Ni katika mwaka huo huo wa 1926 ambapo daktari mmoja Mmarekani, Joseph Knirim, alifika Vimoutiers kutoa shukrani. Aliamini kwamba Camembert ilimponya maradhi ya tumbo, na akataka mwanamke aliyelivumbua jibini hilo ajengewe kumbukumbu. Mchango wa kwanza akautoa yeye. Watu wa eneo hilo walilipokea wazo lake kwa shangwe. Tarehe 11 Aprili 1928, Alexandre Millerand, aliyewahi kuwa rais wa Ufaransa, alizindua sanamu ya Marie Harel. Juni 1944, wakati wa mapambano ya kuikomboa Normandie, ndege za Marekani zilipiga mabomu Vimoutiers, mji ukateketea na sanamu ikakatika kichwa. Miaka ya 1950 ikaletwa sanamu mpya, zawadi ya wafanyakazi wa kiwanda cha jibini cha jimbo la Ohio nchini Marekani. Zawadi hiyo ilitoka katika moyo safi na ilipokelewa hivyo. Lakini maana yake kwa hoja yetu haiwezi kupuuzwa: mama wa Camembert anasimama leo katikati ya mji wake kwa hisani ya watu waliokuwa wakitengeneza jibini ng'ambo ya bahari. Sanamu ilisimama bila kumzuia mtu yeyote kulitumia jina. Kwa kweli iliwaalika, maana ilitangaza hadithi bila kuweka sharti lolote.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kwenda vingine, tutazame kijiji kingine kidogo, Roquefort-sur-Soulzon, katika mkoa wa Aveyron kusini mwa Ufaransa. Wakazi wake nao ni mamia tu. Jibini lake hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kukomazwa katika mapango ya mlima Combalou, ambamo hewa baridi yenye unyevu hupita kwenye nyufa za miamba. Tangu 1411 Mfalme Charles VI aliwapa wenyeji haki maalumu ya kukomaza jibini humo. Mwaka 1666 mahakama kuu ya Toulouse ikawaadhibu wafanyabiashara waliouza jibini la kwingine kwa jina la Roquefort. Sheria ya Bunge ya tarehe 26 Julai 1925 ikalifunga jambo hilo, miezi michache tu kabla ya Camembert kushindwa mahakamani Orléans. Vijiji hivyo viwili vilikuwa katika nchi moja, katika zama moja, mbele ya sheria za namna moja. Tofauti yao ilikuwa katika kumbukumbu za maandishi. Roquefort iliweza kuonyesha karne tano za hati zinazosema kazi hii inafanyikaje na inafanyikia wapi. Camembert iliweza kuonyesha simulizi ya padri mkimbizi. Ni kweli kwamba Roquefort ilibahatika kuwa na mapango yasiyoweza kuhamishwa, ilhali majani na ng'ombe vinapatikana popote penye mvua. Lakini kutokuwa na pango ni sababu ya kuandika mapema zaidi. Pale ambapo maumbile hayakuweka mpaka, watu hulazimika kuuweka wenyewe.

Hatimaye watu wa Normandie waliuweka. Mwaka 1983 serikali ya Ufaransa ilitambua rasmi jina refu zaidi, Camembert de Normandie, na mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukalikubali katika orodha yake ya majina yanayolindwa. Neno Camembert peke yake lilibaki huru kwa ulimwengu, lakini anayeandika Camembert de Normandie anafungwa na masharti. Maziwa lazima yawe mabichi, yaani yasiyochemshwa. Angalau nusu ya ng'ombe wa kila mfugaji lazima wawe wa aina ya Normande, na lazima walishwe malishoni si chini ya miezi sita kwa mwaka. Maziwa yakishagandishwa kwa kimeng'enya, mgando huchotwa kwa upawa na kumiminwa katika kalibu kwa awamu zisizopungua tano, na kati ya awamu moja na nyingine hupita angalau dakika 40 ili maji yajichuje taratibu. Jibini lililo tayari lina uzito usiopungua gramu 250. Masharti haya yanaweza kumchosha msomaji, lakini kila moja linabeba sababu. Upawa na subira huuacha mgando bila kuvunjika, na mgando usiovunjika hutoa jibini lenye tabaka laini. Maziwa mabichi hubaki na vijidudu vya malisho yake, na ndivyo vinavyolipa ladha ambayo kiwanda hakiwezi kuinakili. Malisho ya lazima huwafanya wafugaji wahifadhi majani na miti ya mipakani, yaani sura yenyewe ya kijiji. Kanuni hizo zimefanya kwa karatasi kile ambacho sanamu haikuweza kufanya kwa jiwe.

Wako watakaopinga kwa kusema kwamba chema chajiuza. Kama jibini la Normandie ni bora, mteja atalitambua kwa ulimi, na hakuna haja ya sheria. Tena ujuzi wa chakula ni wa binadamu wote, na kumkataza mkulima wa mahali pengine kutengeneza anachokiweza ni uchoyo. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni ya haki kabisa. Hakuna aliyemkataza mtu yeyote kugandisha maziwa, kuyamimina katika kalibu na kuyapaka ukungu mweupe. Ujuzi huo uko huru na unafaa kubaki huru. Kinachozuiwa ni kumwambia mteja kwamba jibini limetoka mahali ambapo halikutoka. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Chema hujiuza pale tu ambapo mnunuzi anaweza kukitofautisha na kisicho chema kabla hajalipa. Jibini liko ndani ya kikasha kilichofungwa, na kikasha kinasema kila alichotaka mwenye kuchapisha. Bei ya jibini la kiwandani ni ya chini kwa sababu mashine humimina mgando kwa dakika chache. Jina likiwa moja, mteja huchukua la bei nafuu, na anayetumia upawa hufilisika akiwa na jibini bora mkononi. Camembert yote inayouzwa Ufaransa leo inathibitisha jambo hilo: ile inayotengenezwa kwa kanuni za jina linalolindwa ni takriban sehemu moja tu ya kumi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa hadithi ya Marie Harel na padri haina uthibitisho, na jibini lilikuwepo kabla yake, je, madai ya Normandie hayajengwi juu ya uongo? Isitoshe, jibini lenyewe limebadilika. Ngozi yake nyeupe inayong'aa, ambayo leo kila mtu anaihesabu kuwa alama ya Camembert, si ya zamani. Katika karne ya 19 ukungu wake ulielekea rangi ya buluu na kijivu, na weupe ulienea mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wataalamu wa Taasisi ya Pasteur walipowapa watengenezaji ukungu uliochaguliwa maabara. Haya yote ni kweli, na yanafaa kusemwa bila kufichwa. Lakini yanabomoa nini? Yanabomoa madai yanayoegemea asili takatifu, kwamba jibini hili ni letu kwa sababu mtu fulani alilivumbua siku fulani. Hayagusi madai yanayoegemea kazi. Wafugaji wa Normandie wana haki na jina lao kwa sababu wanalisha ng'ombe fulani juu ya ardhi fulani na kutengeneza jibini kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kuikagua leo hii. Mahakama ya 1926 haikuuliza nani alivumbua. Iliuliza kama jina bado linaashiria mahali. Kumtegemea mvumbuzi kuliwapotezea watengenezaji muda waliohitaji kwa swali hilo la msingi.

Wengine husema kwamba kanuni huwanyonga wakulima wenyewe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu hatari, na mamlaka za afya za Ufaransa huwashauri wajawazito na watoto wadogo waepuke jibini la maziwa hayo. Upimaji wake ni ghali, na mtengenezaji mdogo huumia zaidi kuliko mkubwa. Mwaka 2007 hoja hii ililetwa mezani na wazito wawili wa sekta hiyo, kampuni ya Lactalis na ushirika wa Isigny Sainte-Mère, waliotaka ruhusa ya kupasha maziwa joto na bado kulitumia jina linalolindwa. Hawakukubaliwa, na mwaka uliofuata sharti la maziwa mabichi likathibitishwa upya. Mwaka 2018 palifikiwa mwafaka wa awali wa kuunganisha pande mbili, jibini la maziwa yaliyopashwa joto likaribishwe chini ya jina hilo, na mwanzoni mwa 2020 watengenezaji wenyewe wakaukataa kwa kura. Kura hiyo ndiyo jibu bora kwa pingamizi hili. Gharama ni za kweli, na tahadhari kwa wajawazito na watoto ni ya lazima. Lakini waliobeba gharama hizo ndio waliopima faida na hasara, wakaona kwamba jina lisilo na sharti gumu ni jina lisilo na thamani. Mkulima hanyongwi na kanuni aliyoshiriki kuitunga na anayoweza kuipigia kura. Hunyongwa na soko ambalo hakuna kanuni inayomtofautisha na mwenye mashine.

Linabaki pingamizi ambalo halina jibu la kuridhisha kabisa. Jina linalolindwa ni la Normandie, si la kijiji. Kiwanda kilicho mbali kabisa na Pays d'Auge, ilimradi kimo ndani ya eneo lililowekwa na kinafuata kanuni, kina haki sawa na shamba lililo kando ya kanisa la Mtakatifu Anna. Kijiji chenyewe kimebaki na wageni wachache wanaokuja kutazama makumbusho na kupiga picha kwenye kibao cha barabarani chenye jina lake. Hasara hiyo haiwezi kufidiwa, na ni matokeo ya moja kwa moja ya kuchelewa. Mipaka ya jina huchorwa kwa kuangalia nani anafanya kazi hiyo siku ya kuchora. Ingechorwa mwaka 1850, huenda ingelizunguka bonde moja. Ilipochorwa 1983 ilibidi iwakumbuke watengenezaji waliokuwa wametapakaa jimbo zima, ambao wengi wao walikuwa na vizazi kadhaa katika kazi hiyo na haki yao haikuweza kukanwa. Kila muongo wa kusubiri uliupanua mpaka na kupunguza fungu la kijiji.

Daftari nalo likishaandikwa halipaswi kufungwa kwa kufuli. Mapema 2024 watafiti wa kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi cha Ufaransa walieleza kwamba ukungu mweupe wa Camembert umo hatarini. Kwa kuwa watengenezaji wamekuwa wakitumia uzao mmoja tu, unaozalishwa bila kuchanganywa na mwingine, ukungu huo umedhoofika na uwezo wake wa kutoa mbegu umepungua sana. Watafiti walipendekeza wateja wajifunze kukubali tena jibini lenye rangi na ladha zinazotofautiana, kama lilivyokuwa zamani. Hapa ndipo faida nyingine ya kanuni iliyoandikwa inapoonekana. Kilichoandikwa kinaweza kufunguliwa, kikajadiliwa, kikarekebishwa mbele ya wote, kama sharti la ng'ombe wa Normande lilivyoimarishwa 2017. Hadithi haina ukurasa wa marekebisho. Watu wakiamini kwamba weupe wa jibini ni urithi wa Marie Harel, wataulinda weupe huo hata ukiwa ndio unaoliua jibini.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa kijiji kidogo cha Ufaransa asiridhike na kuhesabu makanisa na sanamu zake. Aulize kila kumbukumbu iliwekwa lini, na kilichokuwa kinatishiwa wakati huo ni nini. Camembert inaonyesha kwamba heshima na ulinzi ni vitu viwili. Kijiji kinaweza kuheshimiwa na rais na kushukuriwa na wageni kutoka ng'ambo, huku riziki yake ikihama mlango wa nyuma. Kinacholinda riziki ni mkusanyiko usio na shamrashamra: wafugaji na watengenezaji wakae pamoja kabla umaarufu haujawazidi, waelezane kazi yao jinsi ilivyo, waiandike, waisajili, wakubali kukaguliwa, na waipitie upya kila hali inapobadilika. Normandie ilifanya hivyo ikiwa imechelewa takriban karne moja, na hata kwa kuchelewa iliokoa mashamba, mifugo na ustadi ambao vinginevyo ungekuwa umekwisha. Sanamu inafaa kujengwa, maana watu wanaofanya kazi njema wanastahili kukumbukwa. Lakini ijengwe baada ya daftari kukamilika.